Mzani Unasema 41.5, Programu Inaandika 0: Je, Kompaila Ndiyo Yenye Kosa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimeandika programu ya C inayopokea uzito kutoka kwenye mzani wa kidijitali mwaloni Kirumba na kuuingiza kwenye daftari la malipo ya wavuvi. Imefanya kazi miezi saba bila shida. Wiki mbili zilizopita niliihamishia kwenye laptopu mpya yenye mfumo mpya wa Ubuntu na GCC mpya, ile kompaila inayogeuza msimbo wa C kuwa lugha ya mashine. Sasa kreti za sangara zinaandikwa kilo 0.0 wakati mzani wenyewe unaonyesha 41.5. Ndoo za dagaa ziko sawa. Nikijenga kwa -O0 (bila uboreshaji wa kasi) kila kitu kinakaa sawa, nikirudi -O2 (uboreshaji ukiwashwa) sifuri zinarudi. Nikiweka printf, amri ya kuchapisha, ili nione kinachoendelea, tatizo linapotea! Sijabadilisha hata mstari mmoja. Nina hakika ni hitilafu ya kompaila na nataka kuiripoti, ila sijui pa kuanzia, na kusema kweli najiuliza nani atanisikiliza mimi niliyeko Mwanza. Nimekuambatanishia faili la kusoma mzani.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Faili lako nimelisoma mara tatu, kisha nikalijaribu hapa kwangu Nyegezi kwenye mashine mbili tofauti. Nianze na jibu lenyewe: usiripoti bado. Kosa limo ndani ya fankisheni yako ya kusoma mzani, pale unapogeuza mpangilio wa baiti. Lakini hukukosea kushuku. Dalili ulizozitaja ndizo hizo hizo zinazotokea kompaila inapokuwa na kosa kweli, na usipojua namna ya kuzitenganisha utahangaika bure, au utanyamaza siku ambayo ulipaswa kusema. Kwa hiyo nitakujibu kwa urefu.

Hoja yako kubwa ni kwamba hujabadilisha mstari wowote, kilichobadilika ni kompaila, basi kompaila ndiyo mkosaji. Nimeisikia hoja hii kwa watu wengi, na mimi mwenyewe nimewahi kuitoa kwa sauti ya juu. Sasa tazama mtumbwi wenye ufa juu kidogo ya pale maji yanapofika. Miezi saba umekwenda Ukerewe na kurudi mkavu. Siku unapakia kreti tano zaidi, mtumbwi unazama kidogo, maji yanaingia. Ufa haukuletwa na kreti hizo, ulikuwepo tangu mwanzo. Kila toleo jipya la GCC linapata mbinu mpya za kuharakisha programu, na kila mbinu inaegemea kanuni za lugha ya C. Msimbo uliovunja kanuni ukapona kwenye toleo la zamani haukuwa salama. Maji yalikuwa hayajaufikia tu.

Kanuni uliyoivunja ni hii. C inasema kwamba sehemu ya kumbukumbu iliyoandikwa kama aina fulani ya data isisomwe kupitia pointa (kigeu kinachoshika anwani ya kumbukumbu) ya aina nyingine isiyohusiana nayo. Iliyoandikwa kama namba kamili isisomwe kama float (namba ya desimali), wala kinyume chake. Pointa ya char peke yake ndiyo yenye ruhusa ya kuchungulia kokote. Kanuni hii imo tangu C ya mwaka 1989, na kompaila inaitumia hivi: ikiona pointa ya uint32_t (namba kamili ya biti 32) na pointa ya float ndani ya fankisheni moja, inachukulia kwamba haziwezi kuelekea mahali pamoja. Ikishaamini hivyo, ina ruhusa ya kupangua zamu ya kusoma na kuandika.

Nimekutengenezea kipande kifupi ili ulione kwa macho yako. Andika hiki kwenye faili la soma.c:

#include <stdint.h>

uint32_t soma(uint32_t *neno, float *uzito)
{
    *neno = 0;
    *uzito = 41.5f;
    return *neno;
}

Halafu kwenye faili jingine, kuu.c, tangaza kigeu kimoja cha uint32_t, ipe soma anwani yake mara mbili, mara ya pili ukiigeuza kuwa pointa ya float, kisha uchapishe jibu. Ziache zikae kwenye mafaili mawili. Zikikaa pamoja, kompaila inaweza kuona kwamba anwani ni moja, na jaribio likaharibika.

Jenga kwa -O0. Utapata 1109786624. Hizo ndizo biti za 41.5 zikisomwa kama namba kamili, 0x42260000. Jenga kwa -O2. Utapata 0. Mistari mitatu, kompaila ile ile, majibu mawili. Ukitazama matokeo ya -O2 katika lugha ya mashine utaona kompaila haikurudi hata kidogo kuisoma *neno: iliandika 0 pale, ikajua hakuna mwingine mwenye ruhusa ya kuigusa, ikarudisha 0 moja kwa moja. Sasa ongeza -fno-strict-aliasing, swichi inayozima kanuni hiyo, kwenye -O2 hiyo hiyo. 1109786624 inarudi.

Kwenye faili lako hali ni hiyo hiyo, ila imejificha vizuri zaidi. Mzani unatuma baiti nne, ile kubwa ikitangulia. Laptopu yako inazitaka kwa mpangilio wa kinyume. Fankisheni yako inapokea bafa ile ile (kisehemu cha kumbukumbu chenye baiti hizo) kwa majina mawili: uint32_t *neno kwa ajili ya kugeuza, na float *uzito kwa ajili ya kurudisha kilo. Unageuza kupitia neno, halafu unasoma kupitia uzito. Kompaila mpya, kwa kuamini kwamba hivyo ni vitu viwili visivyohusiana, imeona ni nafuu kuisoma *uzito mapema, kabla neno halijageuzwa. Kwa hiyo unasoma 41.5 ikiwa bado kinyumenyume. Baiti zake zinakuwa 0x00002642, na ukizisoma kama float ni namba ndogo ajabu, inayoanza baada ya sifuri arobaini za desimali. Printf yako ina %.1f, yaani tarakimu moja tu ya desimali. Inaandika 0.0.

Hapo ndipo nilipopata hakika, na ndiyo sababu nakusihi usiridhike na "inatoa jibu baya". Uliza ni jibu baya gani, na limetoka wapi. Mzani wako unahesabu kwa nusu kilo, kwa hiyo baiti za mwisho za namba zake ni sifuri daima, na zikigeuzwa zinaleta vinamba visivyoonekana. Ungekuwa na mzani wa gramu mia mia, kreti ya kilo 41.6 ingekuandikia namba yenye tarakimu 24, ukashtuka siku ya kwanza. Sifuri ni mbaya zaidi maana inafanana na kreti tupu. Karani anaipita bila kuuliza.

Dagaa je? Fankisheni ya ndoo unaiita ndani ya kitanzi kingine, na humo kompaila haikuona faida ya kupangua zamu. Kuwa na ruhusa si kulazimika. Na printf? Kompaila haijui ndani ya printf kuna nini, inalazimika kuchukulia kwamba inaweza kugusa kumbukumbu yoyote. Kwa hiyo inamaliza kuandika kabla ya kuiita, na inasoma upya baada ya hapo. Ulipoweka printf uliweka ukuta katikati ya mistari miwili bila kujua. Kosa linalotoweka ukilitazama ni dalili ya kanuni iliyovunjwa mara nyingi zaidi kuliko ni dalili ya kompaila mbovu.

Dawa yake ni mistari miwili. Ondoa pointa ya float, tangaza kigeu cha float, kisha:

float uzito;
memcpy(&uzito, neno, sizeof uzito);

Usiogope kwamba memcpy itakuchelewesha. Kwa -O2 kompaila inajua kunakili baiti nne ni kazi ya amri moja ya mashine na haiiti fankisheni yoyote. Kwenye faili hilo hilo umegeuza pointa namna hiyo mahali pengine pawili, kwenye kusoma tarehe na kwenye kusoma namba ya mtumbwi. Zirekebishe zote leo. -fno-strict-aliasing ni kiraka halali, na hata kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux inajengwa nayo kwa makusudi, lakini wenzetu wale wamekaa wakaamua. Wewe ukiiweka ili kufukuza sifuri, ufa unabaki.

Sasa tuseme umerekebisha yote hayo na sifuri bado zipo. Hapo ndipo safari ya kumshuku kompaila inapoanza kihalali, na ina utaratibu wake.

Jenga kwa -Wall na -Wextra, swichi za kuwasha maonyo, na ujenge kwa -O2, si -O0. Jambo hili linawapita wengi: onyo la pointa za aina tofauti halitoki kabisa ukijenga kwa -O0, kwa sababu kanuni yenyewe haitumiki pale. Wewe umekuwa ukisoma maonyo ya -O0 miezi saba. Na hata kwa -O2 onyo lingeweza kunyamaza kwenye faili lako, kwa kuwa pointa zinaingia kama vigezo vya fankisheni na kompaila haioni zilikotoka.

Kisha jenga mara tatu, kila mara na swichi moja: -fno-strict-aliasing, halafu -fwrapv, halafu -fno-aggressive-loop-optimizations. Watunzaji wa GCC wenyewe wanaomba ufanye hivi kabla ya kuwaandikia. Ya kwanza inaondoa ile kanuni ya aina. Ya pili inahalalisha namba kamili yenye alama kufurika, jambo ambalo C haijalifafanulia matokeo, watu wengi wakidhani inarudi tu kwenye hasi. Ya tatu inahusu vitanzi vinavyovuka mpaka wa safu. Tatizo likitoweka kwa mojawapo, karibu hakika kosa ni lako, na tayari umejua utafute wapi.

Baada ya hapo tumia -fsanitize=address,undefined, inayoweka vikaguzi viwili ndani ya programu, na uendeshe programu kwa data halisi ya mwaloni, kreti nyingi kadiri uwezavyo. Vikaguzi hivi vitakukamatia kuvuka mpaka wa safu, kufurika kwa namba, kusogeza biti kupita kiasi. Vina upofu wao, hata hivyo: hicho cha undefined hakikamati kuvunja kanuni ya aina. Faili lako lilipita vyote viwili kimya kabisa hapa kwangu. Ukimya wao usiuchukulie kama cheti. Valgrind, programu nyingine ya ukaguzi, nayo ni nzuri kwa vigeu visivyopewa thamani.

Ipo hali moja tu ambapo huhitaji kujitetea. Kompaila yenyewe ikianguka, ikaandika "internal compiler error", hilo ni kosa lake hata kama msimbo uliompa ni takataka. Kazi yake ni kukataa kwa maelezo, si kufa. Ila angalia kwanza kama haikuuawa na mfumo kwa kukosa kumbukumbu, maana laptopu ya RAM gigabaiti 4 ikijenga mradi mkubwa wa C++ kwa kazi nane sambamba huishiwa upesi. Na ikiwa inaanguka mahali tofauti kila ukirudia amri ile ile, ipime RAM. Mashine inayokaa kwenye kibanda cha bati juani, umeme ukikatika na kurudi, inaweza kuwa na RAM iliyochoka.

Pengine unajiuliza kama hizi hitilafu za kompaila zipo kweli, au sisi wazee tunatishia watu tu. Zipo. Mwaka 2011 watafiti wanne wa Chuo Kikuu cha Utah, Xuejun Yang, Yang Chen, Eric Eide na John Regehr, walichapisha kazi yao ya Csmith, programu inayobuni programu za C ovyo ovyo lakini halali, kisha kulinganisha majibu ya kompaila mbalimbali. Kwa miaka mitatu waliripoti zaidi ya hitilafu 325 zisizojulikana. Kila kompaila waliyoijaribu ilitoa msimbo mbaya mahali fulani, zikiwemo GCC na LLVM. Kompaila ya CompCert, iliyothibitishwa kwa hisabati chini ya Xavier Leroy huko Ufaransa, ndiyo pekee ambayo sehemu yake iliyothibitishwa hawakuipata na kosa la aina hiyo. Kwa hiyo kompaila si malaika. Ila ona kilichohitajika kuzipata: mashine iliyotema programu usiku na mchana. Programu yako ya mistari elfu tatu, iliyoandikwa kwa haraka msimu wa mavuno, ina uwezekano mkubwa zaidi wa kukosea kuliko kompaila inayotumiwa na dunia nzima kila saa.

Upande wa pili, ripoti namba 323 ya GCC, ya mwaka 2000, inahusu hesabu za desimali zinazobadilika ukiwasha uboreshaji kwenye chipu za zamani za Intel. Kwa miaka mingi watu waliileta upya na upya kila mmoja akidhani ni wa kwanza, na orodha ya marudio yake ni ndefu mno. Isome kabla hujaripoti lolote linalohusu float.

Turudi kazini. Umepita majaribio yote, kosa limebaki. Unalitafuta lilipo kwa kugawa nusu kwa nusu. Jenga nusu ya mafaili yako kwa -O0 na nusu kwa -O2, unganisha, jaribu. Sifuri zikitokea, kosa limo kwenye nusu ya -O2, igawe tena. Mradi wa mafaili 40 unaisha kwa raundi sita. Ukibaki na faili moja, hamia kwenye fankisheni moja moja kwa kuziwekea __attribute__((optimize("O0"))), kitu cha kutafutia kosa tu, usikiache kwenye kazi ya kudumu.

Halafu inakuja sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayomshinda kila asiye na subira: kupunguza. Pale mwaloni umeshaona maofisa wa Wakala wa Vipimo wakija kukagua mizani. Hawasikilizi mchuuzi anasema nini na mvuvi analalamika nini. Wanatoa mawe yao yenye uzito unaojulikana, wanaweka juu ya mzani, wanasoma. Ripoti yako inatakiwa iwe jiwe la namna hiyo: programu ndogo ambayo mtu yeyote ataiweka kwenye kompaila yake na kuona jibu baya bila kuhitaji mzani wako, wala kreti, wala wewe. Futa nusu ya msimbo, jaribu. Kosa lipo? Endelea kufuta. Limepotea? Rudisha, futa nusu nyingine. Badilisha data ya mzani kwa namba uliyoiandika mwenyewe. Ondoa maktaba. Ondoa struct, bakiza vigeu viwili. Ipo programu inaitwa C-Reduce inayofanya kazi hii peke yake: unampa faili na skripti ndogo inayosema "kosa bado lipo", unamwacha usiku kucha, asubuhi unakuta mistari kumi. Skripti hiyo iwe kali. Ndani yake lazimisha maonyo na vikaguzi vipite, la sivyo C-Reduce itakuletea programu fupi yenye kosa jingine kabisa la kwako mwenyewe.

Kupunguza kuna faida ambayo hukuitarajia. Mistari ikishafika kumi na mitano unaweza kukaa na kila mmoja na kujiuliza: huu ni halali kwa C? Ninaweza kuutetea mbele ya mtu nisiyemjua? Mara nyingi ni hapo, saa tano usiku, unapoona kosa ni lako. Hujapoteza muda. Umelipata.

Mimi nimefikia mwisho wa njia hii na kukuta kompaila ndiyo yenye kosa mara moja tu. Ilikuwa kompaila ya chipu ndogo, sitaitaja jina, na kazi ilikuwa kifaa cha kupima kina cha maji gatini. Kina kilikuwa kinaruka, mita 6 inakuwa 262, zimeongezeka 256 kamili. Tofauti ya 256 kamili si bahati mbaya, ni biti moja, ya tisa. Nilikaa jioni tatu kuipunguza programu ya mistari elfu nne hadi kumi na tisa. Mistari ile kumi na tisa niliisoma hadi nikaikariri. Nikaandika ripoti, nikaituma, na siku iliyofuata nikajibiwa kwamba limesharipotiwa na limeshasahihishwa kwenye toleo lililotoka mwezi uliopita. Jioni tatu! Ningejaribu toleo jipya kabla ya kuanza, ningelala. Tangu siku hiyo hilo ndilo jambo la kwanza ninalofanya.

Na wewe huhitaji kumaliza bando kupakua GCC nzima ili kujaribu matoleo. Fungua Compiler Explorer, tovuti ya Matt Godbolt yenye kompaila nyingi, kwenye kivinjari. Bandika kipande chako, chagua GCC ya zamani, ya sasa, na ile ambayo bado inatengenezwa, kisha Clang, kompaila ya C ya LLVM. Utaona lugha ya mashine ya kila mmoja upande wa kulia na utaweza kuendesha. Kosa likianza toleo fulani na kuendelea hadi leo, andika hivyo kwenye ripoti, ni taarifa yenye thamani kubwa kwao. Clang na GCC zikitofautiana, ni dokezo tu, kwa sababu msimbo uliovunja kanuni unaruhusiwa kutoa majibu tofauti kwa kila kompaila. Zikikubaliana dhidi yako, ushaambiwa.

Ripoti yenyewe ni fupi. GCC wanapokea kwenye Bugzilla yao, tovuti ya ripoti za hitilafu, LLVM kwenye GitHub. Tafuta kwanza kama lipo tayari. GCC wanataka vitu hivi: matokeo yote ya gcc -v, ambayo yana toleo, aina ya mfumo na namna ilivyojengwa, amri yako kamili neno kwa neno, chochote kompaila ilichoandika, na faili lililopita kwenye hatua ya awali (pale vichwa vya maktaba vinapoingizwa ndani yake), lenye mwisho wa .i, unalolipata kwa kuongeza -save-temps. Hilo la .i ndilo watu wanalisahau, na bila hilo mtu wa upande wa pili hana hakika kama vichwa vya maktaba vyake ni sawa na vyako. Malizia kwa sentensi mbili: nilitarajia hiki, nimepata hiki. Usitume picha ya skrini, tuma maandishi. Na kwa kuwa Ubuntu wanaongeza viraka vyao kwenye GCC, hakikisha kosa lipo pia kwenye GCC isiyoguswa. Kama halipo, wapelekee Ubuntu.

Usiandike kichwa cha habari "GCC mbovu". Andika fankisheni gani, kwa -O2, inarudisha nini badala ya nini.

Umeniuliza nani atakusikiliza ukiwa Mwanza. Swali hili limenigusa, maana na mimi nililibeba miaka mingi. Kwenye ripoti hakuna mahali pa kujaza chuo ulichosoma wala cheo chako. Kuna mahali pa kuweka faili. Watu wanaosoma ripoti hizo wanachukua faili lako, wanaliendesha, na mashine inawaambia kama unasema kweli. Kiingereza chako kikiwa cha kuungaunga hakitakudhuru, mistari kumi ya C inaeleweka Mwanza, Munich na Mumbai. Inawezekana wakaifunga kwa neno INVALID. Usilichukulie kama tusi. Maana yake ni kwamba wameona kanuni iliyovunjwa, na kwa kawaida watakuandikia ni ipi. Soma, uliza kwa adabu kama hujaelewa, ushukuru. Lakini nisingependa neno hilo liwe salamu yako ya kwanza kwao kwa sababu ya pointa ya float, ndiyo maana nimekuzuia leo.

Limebaki jambo moja, na kwangu ndilo la haraka kuliko yote. Kwa wiki mbili kuna wavuvi ambao sangara wao waliandikwa sifuri. Hukunieleza kama wamelipwa kwa daftari hilo. Kwenye faili lako nimeona kwamba kila baiti inayotoka kwenye mzani unaihifadhi ghafi kwenye mzani.log kabla ya kuigusa. Umefanya vizuri sana. Ukishaweka memcpy, usiende mwaloni kwanza. Pitisha log yote ya wiki mbili kwenye programu iliyosahihishwa, toa orodha ya kila kreti ambayo zamani ilisomeka 0.0 na uzito wake wa kweli, namba ya mtumbwi na tarehe. Linganisha kreti kumi za kwanza na karatasi za karani wa mzani kwa mkono. Zikilingana, chapisha orodha hiyo na umpelekee mhasibu kabla ya malipo ya wiki hii, umweleze kosa lilikuwa la programu na si la mvuvi yeyote.